Kumtafuta Jina Lako

Mwizi aliyekuwa akisakwa na kamati ya maji ya Ikongwe aliitwa Jina Lako. Ndivyo kilivyosema kioo cha kompyuta ya ofisini, na Mwenyekiti Kajiru alikuwa amesimama mbele yake tangu saa mbili asubuhi, mikono nyuma, midomo ameibana.

"Shikamoo Mwenyekiti," alisema Nanzia.

"Marahaba. Njoo usome mwenyewe, usije ukasema nakuzulia. Ukurasa wa daftari la maji wa saa moja na nusu, kaandika nani? Jina Lako. Wa saa moja na dakika arobaini? Jina Lako. Na hamsini? Jina Lako. Hapa katikati kapita Mama Mbazi mara moja, basi. Halafu yuleyule tena, anaiba zamu za wenzake za kuandika. Na kuna huyu mwingine, Jina Langu, yeye anatokea kwa nadra. Nadhani ni ndugu yake."

Katibu, mtu asiyependa ugomvi, aliangalia dari. Nanzia alisogea, akasoma. Alikuwa fundi wa vijiti vya kompyuta wa kijiji kile mwaka wa tisa sasa, na karatasi ya maelekezo ya programu mpya iliyogawiwa kila nyumba mwezi uliopita aliiandika yeye, kwa haraka, gari la mjini likiwa linampigia honi.

"Nipe siku nne, Mwenyekiti," alisema. "Nitapita majumbani."

"Pita. Lakini ujue, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu huyu ni wa humuhumu."

Kweli kabisa, aliwaza Nanzia, na akatoka bila kusema alichokuwa anakijua. Tumsamehe. Hakuna fundi anayependa kusema kosa lake kabla hajaliona kwa macho.

Nyumba ya kwanza aliyoiendea ilikuwa ya Mzee Sebua, upande wa chini wa ndiva, lile bwawa la mawe walilolijenga babu zao. Sebua alikuwa amelalamika tangu Ijumaa kwamba kijiti chake kinakufa.

"Hodi hapa!"

"Karibu, fundi, karibu. Mgonjwa yuko ndani."

Mgonjwa alikuwa kwenye kabati la vyombo, kachomekwa kwenye kigawanyio cha matundu manne cha kompyuta ndogo ya nyumba, pamoja na simu, redio na taa ya kuchajiwa. Taa yake ya kijani iliwaka, ikasita, ikazima. Vijiti hivi, kwa asiyevijua, urefu wake haupiti kidole gumba. Vilitengenezwa zamani huko nje kwa ajili ya kuchimba bitikoini, ile fedha ya mtandaoni. Mashine kubwa zikaja zikaviacha mbali, vikawa takataka, vikauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Kazi vinayoijua ni moja tu, kubahatisha namba, usiku na mchana, bila kuchoka wala kuuliza. Mwaka ule Ikongwe ilipochoshwa na makarani wa maji waliokuwa wakihongwa mbuzi, mtu akasema kazi hiyohiyo inatosha kulinda daftari. Kila nyumba kijiti kimoja, kila kijiti jina moja. Kila baada ya dakika kumi vyote vinashindana kubahatisha, na atakayepata ndiye anayeandika ukurasa: leo maji ni ya nani, lango lifunguliwe saa ngapi. Lango la ndiva linasoma ukurasa na kujifungua lenyewe. Karani hayupo, basi na wa kuhongwa hayupo.

"Mzee, huyu ana njaa," Nanzia alisema. "Umemlisha pamoja na redio, simu na taa kwenye sahani moja. Kigawanyio hiki hakina umeme wake chenyewe."

"Mbona zamani alikula hivyohivyo?"

"Zamani hukumwongeza kasi." Alikuwa ameshaona kwenye programu. "Nani kakwambia upandishe masafa mpaka hapa?"

Sebua alijikuna kidevu. "Nilitaka na mimi niandike ukurasa. Mwezi mzima sasa sijaona jina la Sebua hata mara moja, fundi. Hata mara moja!"

Nanzia alicheka. Alishusha masafa, kwa sababu kijiti kinachokimbizwa kuliko uwezo wake kinatoa majibu ya uongo, na majibu ya uongo hutupwa. Alikipa kigawanyio chenye waya wake wa umeme. Alipuliza feni ndogo ya kukipoozea, likatoka vumbi la unga wa muhogo. Bado kompyuta haikukiona. Hapo akajua ni draiva, ile programu ndogo ya kuiunganisha kompyuta na kifaa: kompyuta ilikuwa imekidhania ni kifaa cha modemu na kukikabidhi kwa draiva isiyokuwa yake. Aliifuta ile, akaweka inayostahili, akachomoa, akahesabu mpaka kumi, akachomeka. Taa ya kijani ikawaka, ikatulia.

Ndipo akafungua faili la maelekezo, na mstari wa kwanza ukasema: jina.langu.

"Mzee Sebua. Hapa umeandika nini?"

"Si karatasi yako ilisema? 'Andika: jina.lako.' Nikasema, lako wewe fundi niliandike la nini, kijiti ni changu. Nikaandika langu."

Nanzia alikaa kwenye kigoda. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akaishia kuomba maji ya kunywa. Sebua alikuwa ametumia akili yake. Wengine walikuwa wamemtii fundi wao herufi kwa herufi.

Alipita nyumba kumi na moja siku ile. Jina.lako. Jina.lako. Mama Mbazi aliandika lake kwa sababu binti yake anasoma mjini na alimwelekeza kwa simu. Jina.lako. Jina.lako. Na chini yake, mstari wa pili, kila mahali: nywila, x. Hiyo x ilikuwa mazoea ya kazi. Kwenye programu ya zamani nywila haikuwa na maana, kwa hiyo mafundi wote waliandika x, wakasonga mbele. Programu mpya ilikuwa inaiheshimu nywila. Nanzia alilijua hilo. Alilijua, na mkono ukaandika x.

Asubuhi iliyofuata, kwenye meza yake ya kazi, na uji ukipoa pembeni, aliingia kwenye daftari kwa jina hilo na nywila hiyo. Lilifunguka bila ubishi. Kaya za Ikongwe zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Vijiti vilivyomwita bwana wao Jina Lako vilikuwa mia mbili thelathini na tisa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kubadilisha ile x kuwa nywila ndefu aliyoijua yeye peke yake, maana yeyote aliyekuwa na karatasi ile nyumbani angeweza kuingia; vijiti vilivyokuwa vimeshaingia haviulizwi tena. Alifanya hivyo kwa usalama, na hapo hakukuwa na ubaya. Ila alipomaliza, aliona upande wa kulia wa kioo kitufe ambacho hajawahi kukiona kikiwaka tangu aanze kazi. Kiliandikwa SAHIHISHO.

Walioiandika sheria ya daftari walisema hivi: ukurasa ukishaandikwa haufutiki, isipokuwa vijiti zaidi ya nusu ya kijiji vikitia sahihi pamoja. Huo ndio mkutano wa kijiji, walisema, na mkutano una haki ya kujirekebisha. Hawakuwaza kwamba ipo siku nusu ya kijiji na zaidi wataitwa jina moja. Mkutano mzima wa Ikongwe ulikuwa umekaa mezani kwa Nanzia, kimya, ukingoja kidole chake.

Akamkumbuka shangazi yake. Kusema kweli, alikuwa amemkumbuka tangu jana.

Shangazi Nakijwa ndiye aliyemlea Nanzia toka akiwa na miaka sita. Mumewe, Eliamani, alikuwa na maji ya Jumanne, alfajiri hadi saa sita, maji ya ukoo tangu enzi za ndiva kujengwa. Alipofariki miaka mitatu iliyopita, mdogo wake aliandika ukurasa kwa jina la marehemu, maana wakati ule nywila haikuwa na maana, kabla hata matanga hayajaanuliwa: Jumanne, kutoka kwa marehemu Eliamani, kwenda kwa Kajiru. Ndiyo, Kajiru huyuhuyu Mwenyekiti. Nakijwa alipeleka shauri mkutanoni mara mbili. Mara mbili watu waliangalia viatu vyao na kusema mambo ya ukoo yamalizwe kwenye ukoo. Tangu hapo analima kwa mvua, na mvua yenyewe mnaijua. Mahindi yake mwaka huu yalikuwa yamefika magotini na kukauka. Alishaanza kusema habari za kuhamia tambarare kwa mtoto wa dada yake, akauze maandazi stendi. Mwanamke wa miaka sitini na nane!

Nanzia alimkuta jikoni, saa saba mchana, akichambua maharage ya makande.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekupauka? Umekula?"

Nanzia alimweleza yote: karatasi, x, vijiti mia mbili thelathini na tisa, kitufe. Nakijwa alisikiliza, vidole vikiendelea kutenga mabovu na mazima.

"Kwa hiyo," alisema mwishoni, "unaweza kunirudishia Jumanne yangu."

"Naweza."

"Leo?"

"Sasa hivi ningeweza."

"Na ni yangu, au si yangu?"

"Ni yako, shangazi. Kila mtu anajua."

"Basi nenda ukafanye. Unaningojea nini mimi? Nikupigie magoti?"

Nanzia alirudi mezani kwake kwa mwendo wa mtu aliyetumwa dukani. Hakuwa na wasiwasi mkubwa. Wizi ni wizi, na mwenye mali akirudishiwa mali yake, mwizi ana la kusema? Ni kweli angewatilia sahihi watu mia mbili thelathini na tisa bila kuwauliza. Lakini walipoulizwa, si waliangalia viatu?

Akafungua ukurasa wa miaka mitatu nyuma. Ulikuwepo, na jina la Kajiru. Kabla hajagusa kitufe, programu ikamwonyesha, kama inavyotakiwa, kurasa nyingine zitakazoanguka pamoja na huo. Ulikuwa mmoja tu, wa mwezi wa tatu mwaka huu. Jumanne, kutoka kwa Kajiru, kwenda kwa Sebua, milele, kwa ng'ombe jike mmoja mwenye mimba.

Kijiji kizima kilijua Sebua anamwagilia Jumanne. Wote walidhani kakodishiwa msimu. Kumbe mzee yule alikuwa ametoa ng'ombe wake pekee na kuyanunua moja kwa moja, na juu ya maji hayo alikuwa amepanda tangawizi robo tatu ya eka. Kwa wasioijua tangawizi: mtaji wote unazikwa ardhini kwanza, na ukikosa maji wiki tatu mwezi huu, umezikwa kweli.

Nanzia aliondoa mkono mezani. "Kajiru wewe," alisema peke yake, kwa sauti, "Kajiru wewe!" Mtu yule alikuwa ameshachukua chake na kuondoka, akamwacha mwingine kasimama penye kosa.

Alirudi kwa shangazi yake alasiri. Makande yalikuwa yameshapakuliwa, sahani mbili.

"Umemaliza?"

"Sijafanya, shangazi." Akamweleza habari za ng'ombe na tangawizi.

Nakijwa aliweka kijiko chini. "Sebua amdai Kajiru ng'ombe wake. Ana ushahidi, umeandikwa."

"Atamdai. Na tangawizi itangoje kesi iishe?"

"Mahindi yangu yaliingoja?"

Nanzia alisogeza sahani yake pembeni.

"Nakuuliza, Nanzia. Mimi nilipochukuliwa, nani alikaa mezani akasema, tusubiri, Nakijwa ataumia? Eti leo Sebua anahurumiwa kabla hata hajaguswa. Mkuki kwa nguruwe!" Alipiga paja kwa kiganja. "Mimi sina ugomvi na Sebua. Ndiye aliyechimba kaburi la mume wangu, na mvua ikimnyeshea. Lakini maji ni yangu. Mtu akinunua mbuzi wa wizi, mbuzi anarudi kwa mwenyewe. Ndivyo sheria ilivyo tangu zamani."

"Anarudi hadharani, shangazi. Mbele ya watu. Si mtu mmoja aamke asubuhi akute ameondolewa zizini na wote wameshatia sahihi bila kujijua. Nikikufanyia wewe hivi kwa haki, kesho fundi mwingine atamfanyia mtu mwingine hivihivi na kuiita haki."

"Maneno mazuri hayo. Yatamwagilia nini?"

"Hayatamwagilia kitu," alisema Nanzia. "Najua. Naumia kama wewe."

"Huumii kama mimi," alisema Nakijwa. "Kula makande yako uende."

Alikula, kwa sababu kuyaacha kungekuwa tusi. Njiani alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akaanza kazi na nyumba ya kwanza aliyoikuta.

Kubadili jina ni kazi ya dakika nne kama draiva haisumbui. Kuwaeleza watu ndiko kulikochukua nusu saa. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi mmoja alikataa katakata: Jina Lako ameandika kurasa nyingi kuliko mtu yeyote, ana bahati, kwa nini amwache? Wawili walikasirika, na walikuwa na haki. Mzee Sebua aliandika SEBUA kwa herufi kubwa, akauliza kama herufi kubwa zinasaidia. Nanzia alimwambia hazisaidii. Hakumwambia lingine, la Jumanne, na hilo lilimkaa kifuani muda mrefu.

Siku ya nne jioni jina lile lilikuwa limeshuka hadi vijiti mia moja tisini na nane. Kitufe kilizima chenyewe. Ndipo akaenda ofisini.

"Mwizi nimempata," alisema. "Ni mimi." Akaweka karatasi ya maelekezo mezani na kueleza.

Katibu aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimcheza. Kajiru hakucheka. Alisoma karatasi mara mbili, akamwomba Katibu akaangalie kama geti limefungwa, na Katibu alipotoka akasogeza kiti.

"Kwa hiyo muda wote huu kulikuwa na mtu mwenye uwezo wa kurekebisha ukurasa wowote?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na nywila unayo wewe."

"Ninayo."

"Sasa hiyo ungeikabidhi ofisi. Kuna vijikurasa viwili vitatu vya zamani, vimekaa vibaya. Mambo madogomadogo. Kabla hujaendelea na hizo nyumba zilizobaki..."

"Mwenyekiti, umechelewa. Hatufiki nusu tena."

Kajiru alimtazama, akaegemea nyuma polepole, na sura ya uenyekiti ikamrudia. Alitangaza kwamba fundi aliyezembea kiasi hiki anasimamishwa kazi mpaka mkutano wa mwezi ujao, na amalizie nyumba zilizobaki kama adhabu. Nanzia alisema sawa. Moyoni alikuwa baridi kabisa, akifikiri kwamba kama angesema kwanza, kabla ya kupita majumbani, kitufe kingekuwa kwenye mkono wa Kajiru.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shangazi yake. Aliiacha ya mwisho kwa woga, msimpambie.

Nakijwa alikuwa ameketi barazani. Kijiti chake kilikuwa kimechomolewa, kimelala mapajani juu ya kanga.

"Hiki hakirudi pale," alisema kabla ya salamu. "Kililinde daftari lililoniibia? Kinilipe nini?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hakirudi."

Nanzia aliketi kwenye ngazi, chini yake. Alifungua kompyuta magotini.

"Ninayo Alhamisi," alisema. "Saa nane mpaka saa kumi na mbili. Nimeandika ukurasa, inatoka kwangu inakwenda kwako. Ya kudumu. Lakini programu inanikatalia, inasema huko inakokwenda hakuna mtu. Wewe hujawahi kuwemo kwenye daftari, shangazi. Alikuwemo marehemu mume wako, na baada yake kijiti chako kikawa Jina Lako kama vya wenzako."

Nakijwa aliangalia kule mashambani. Mkono wake ulicheza na kijiti.

"Na maharage yako ya Alhamisi?"

"Yatakauka."

"Vitunguu?"

"Na vitunguu. Kazi pia nimesimamishwa, kwa hiyo nitakuwa na nafasi ya kuvitazama vikikauka."

"Huna akili wewe mtoto," alisema Nakijwa. Aligeuza uso pembeni, akapenga kamasi kwa pembe ya kanga. Halafu yule mama akanyoosha mkono wenye kijiti.

"Chomeka."

Nanzia alichomeka. Taa ya kijani iliwaka mara moja, haikusumbua. Mstari wa jina ulikuwa mtupu, alama ikipepesa.

"Niandike nini?" aliuliza Nanzia.

"Lete, niandike mwenyewe." Nakijwa aliivuta kompyuta, akatafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada, midomo ikisoma. N. A. K. I. J. W. A. Aliangalia kioo, akasogeza uso karibu, akahakikisha.

Baada ya dakika tisa Mama Mbazi alibahatika kuandika ukurasa, na ukurasa huo ulisema Alhamisi ni ya Nakijwa. Nanzia alimsomea. Nakijwa aliomba asomewe mara ya pili, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Maji nimepokea, na Mungu akubariki," alisema. "Sasa niambie huo mkutano wa mwezi ujao ni tarehe ngapi. Na umwambie Sebua aje na yeye, tena akae karibu na mimi. Kesi ya Jumanne iko palepale."